Mapumziko ya Krispini

Niseme ukweli mapema ili nisije nikaonekana mtu mwema. Siku daktari alipomkataza mwanangu kucheza mpira nilihuzunika, lakini huzuni yangu ilidumu nusu saa tu. Tulipofika njia panda ya kuingia kijijini kwetu Mwamkulu nilikuwa nimeshaanza kufikiria mavuno, na nikifikiria mavuno nilikuwa karibu kutabasamu.

Sisi ni watu wa mpunga. Mimi naitwa Hilari, mke wangu ni Specioza, na Krispini ni kitinda mimba wetu, wakati huo akiwa na miaka ishirini na mmoja. Dada zake wawili wameolewa, mmoja Kasekese na mwingine Litapunga, kwa hiyo shambani tulibaki watatu, na kati ya hao watatu mmoja alikuwa hapatikani. Alfajiri anakimbia kutoka nyumbani mpaka uwanjani mjini, anafanya mazoezi, anarudi akikimbia. Jioni anakwenda tena. Kocha wao, Yotham, alikuwa na kawaida ya kuwapandisha kilima huku kila mmoja amembeba mwenzake mgongoni, wakifika juu wanabadilishana, wanashuka, wanapanda tena. Niliwahi kuwaona siku moja nikitoka mashineni kukoboa mpunga na nilisikitika sana. Nguvu zote zile, na hakuna hata jaruba moja lililolimwa.

Jirani yangu Makarius alijua panaponiuma. Kila akipita na ng'ombe wake alikuwa anasimama kwenye uzio wangu na kuuliza, "Kijana yuko wapi?" Alikuwa anajua vizuri sana alipo. Na mimi nilimjibu kila siku jibu lile lile, "Yuko huko, anacheza," halafu nilirudi kwenye jembe langu nikiwa nimekasirika upya.

Basi mwezi wa tatu ikaja timu moja ya Ligi Kuu kucheza mechi ya kirafiki Mpanda. Krispini aliwasumbua dakika tisini nzima, mpaka kocha wao akamfuata kwenye benchi kumuuliza jina. Wiki hiyo hiyo wakasema wanamtaka. Nyumbani kwangu palijaa watu ambao sijawahi kuwaona wakija kunisaidia kupalilia. Lakini ile timu ilikuwa na daktari wake, na kabla kijana hajasaini chochote akampima. Mapigo ya moyo yalikuwa arobaini na mawili kwa dakika, mtu mzima anayetembea na kucheka. Akamfunga nyaya kifuani kupima umeme wa moyo, akaitazama ile karatasi, akaitazama tena. Akasema hawezi kumpitisha mpaka aonwe na bingwa wa moyo. Nafasi watamtunzia mpaka dirisha dogo la usajili la Desemba.

Bingwa mwenyewe alikuwa anakuja Mpanda kila baada ya miezi mitatu na mashine yake. Alikuwa Daktari Kalista, mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, aina ya mtu anayekufanya unyamaze bila kukuambia unyamaze. Alimlaza Krispini, akampaka jeli kifuani, akawa anasogeza kile kifaa taratibu huku anatazama kwenye kioo. Mimi na Specioza tulikaa kwenye viti pembeni. Moyo wa mwanangu ulikuwa pale kwenye kioo, unafunguka na kufunga, na sikujua nitazame au niangalie pembeni.

Alipomaliza akatueleza, na alieleza vizuri hata mimi nikaelewa.

"Baba, mama, mtu akifanya mazoezi makali miaka mingi, moyo nao unakua. Kuta zake zinanenepa, vyumba vyake vinapanuka, na mapigo yanapungua kwa sababu pigo moja linatosha kusukuma damu nyingi. Huo ni moyo wa mwanamichezo, hauna shida yoyote. Lakini upo pia ugonjwa unaonenepesha kuta za moyo. Mgonjwa anaonekana mzima kabisa, hana homa, hana maumivu. Siku moja anaanguka katikati ya kazi nzito na hainuki."

"Na huyu wetu ana upi?" Specioza aliuliza.

"Huyu wenu ukuta wake ni milimita kumi na nne. Yuko katikati, mama. Siwezi kusema ni huu wala ni ule." Akanigeukia. "Kwenye ukoo kuna mtu aliyewahi kufa ghafla akiwa bado kijana?"

Specioza akanitazama. Nilikuwa na mdogo wangu, Leodgar, aliyefariki akiwa na miaka ishirini na tisa kwenye barabara ya kwenda mjini, na gunia la mkaa nyuma ya baiskeli. Miaka yote tumesema baiskeli ilimwangusha. Lakini watu waliomuokota waliniambia mimi kitu ambacho sikumwambia hata mama yetu: baiskeli waliikuta imeegemezwa kwenye mti, gunia limefungwa vile vile, na Leodgar amelala kando yake. Alisimama kwanza, akaegemeza baiskeli, ndipo akaanguka. Nilimwambia daktari hivyo hivyo. Akaandika.

"Basi tutafanya hivi," akasema. "Moyo ulionenepa kwa mazoezi ukipumzishwa unapungua. Wenye ugonjwa haupungui. Krispini apumzike mazoezi yote miezi mitatu, nikirudi nampima tena. Ukiwa umepungua, atacheza. Usipopungua, mpira ataacha kwa maisha yake yote, na mengine tutazungumza."

Krispini aliinuka akakaa. Alikuwa anajifuta ile jeli kifuani na karatasi, anafuta mahali pale pale, mpaka karatasi ikachanika.

Hapo ndipo ile nusu saa yangu ya huzuni ilipoanza, na nimeshasema ilipoishia. Usinielewe vibaya. Nampenda mwanangu. Lakini mpunga ulikuwa umeanza kuinama, na kwa mara ya kwanza tangu akiwa darasa la saba nilikuwa na mikono yake miwili saa ishirini na nne. Nikamwambia, "Haya, baba, Mungu amekupa mapumziko. Utanisaidia kazi." Akaitikia. Mpira wake niliuchukua nikaufukia kwenye kihenge, chini ya mpunga wa mwaka jana, ili asije akashikwa na tamaa.

Mavuno yale sitayasahau. Krispini alikata mpunga kuanzia kunapambazuka mpaka jua linazama, na pale ninapokata mstari mmoja yeye anamaliza miwili na nusu. Alipura. Alibeba. Kisha akafunga magunia kwenye baiskeli, mawili mawili, akawa anayapeleka mashineni mjini kwa ile barabara ya mchanga na kurudi, mara tatu kwa siku, wakati mwingine nne. Hakulalamika. Nafikiri alikuwa na hasira za kumaliza, na mimi nilizipa njia ya kutokea. Makarius alipopita na kuuliza kijana yuko wapi, nilimwonyesha kwa kidole majarubani, kifua mbele. "Huyo hapo. Siku hizi ametulia."

Mwanzoni mwa Julai tulirudi hospitali. Nilivaa shati la kanisani. Daktari Kalista akampaka jeli, akasogeza kifaa, akatazama kioo muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Akapima tena pale pale. Halafu akamfunika Krispini shuka mpaka kidevuni.

"Haujapungua," akasema. "Umeongezeka kidogo." Akavuta kiti akakaa karibu na kitanda. "Krispini, ulipumzika kweli?"

"Nilipumzika, daktari. Sijagusa mpira hata mara moja."

"Hukukimbia? Hata kidogo tu asubuhi?"

"Hapana, daktari. Kweli tena."

Akanitazama mimi, kwa upole, kama mtu anayetaka kuhakikisha kabla hajatoa habari mbaya. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuandika barua. "Na wewe baba unathibitisha?"

Nikajivuta kwenye kiti. Nilitaka ajue kwamba kijana ametoka kwenye nyumba yenye nidhamu.

"Kwa hilo daktari usiwe na wasiwasi kabisa. Nimemlinda mwenyewe. Hajatoka machoni pangu hata siku moja. Saa kumi na moja alfajiri tuko wote shambani, tunakata mpunga mpaka giza. Na yale magunia yote ya kwenda mashineni kayapeleka yeye kwa baiskeli, mawili mawili, safari tatu mpaka nne kwa siku. Angepata wapi nafasi ya kukimbia?"

Kalamu ilisimama. Daktari akaiweka mezani, akavua miwani.

"Magunia mawili," akasema.

"Mawili," nikasema, bado najivuna. "Ana nguvu huyu."

"Miezi mitatu."

"Mavuno yote."

Mtu mwingine angenifokea, na ingekuwa nafuu kwangu. Yeye akasema taratibu, "Baba yangu, moyo haujui kama huu ni mpira au ni mpunga. Moyo unajua umebebeshwa kazi, basi. Huyu kijana hajapumzika hata siku moja. Umemfanyisha mazoezi kuliko kocha wake."

Naomba mnielewe jinsi lilivyonifikia lile neno. Kwanza nililipokea kama mzaha. Kisha nikauona ule mti wa barabarani, na baiskeli imeegemezwa, na gunia limefungwa vizuri. Nilikuwa nimemwambia huyu mama kwa mdomo wangu mwenyewe jinsi mdogo wangu alivyokufa, halafu nikarudi nyumbani, nikamfungia mwanangu magunia mawili, nikamtuma barabara ile ile, mara nne kwa siku. Mbele ya macho yangu. Kwa mkono wangu. Na nilikuwa namringia Makarius.

Nilitoka nje. Kuna bomba pale uani ambapo ndugu wa wagonjwa wanafulia, nikalifungua nikajimwagia maji usoni ili nikionekana nina machozi watu wafikiri ni maji. Nililia pale kama mtoto. Mama mmoja aliyekuwa anasuuza vyombo akaniuliza, "Pole baba, amefariki?" Nikamwambia, "Hapana mama. Mzima." Ndipo nikasikia maneno niliyoyasema. Alikuwa mzima. Magunia yote yale, na mwanangu alikuwa mzima, amelala mle ndani na shuka kidevuni, ananisubiri.

Niliporudi ile barua ya kumwachisha mpira ilikuwa imekunjwa iko kwenye kikapu cha taka. Daktari akasema hajui zaidi ya alivyojua mwezi wa nne. Huenda ni ugonjwa, huenda sio. Tunaanza upya, miezi mitatu mingine, na safari hii akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: asilime, asibebe, asipige baiskeli, asichote maji, asipasue kuni, asikimbie. Atembee polepole, ale, akae. Akanifundisha na kushika mapigo kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu kwa saa ya simu.

"Na baba," akaongeza, "ukiwa na shaka kama kitu ni mazoezi au sio, mwambie asifanye."

Tukiwa kwenye bajaji ya kurudi nilimuuliza Krispini, kwa sauti ya chini, kwa nini hakusema kitu miezi yote ile.

"Baba, daktari alisema mazoezi," akajibu. "Wewe ulisema kazi. Mimi nitajuaje kama ni kitu kimoja?"

Specioza aliyekaa katikati yetu hakunisemesha mpaka Jumapili. Na Jumapili yenyewe alinisemesha kwa kuniambia nisogee, nimekalia khanga yake.

Sasa ngoja niwaambie habari za kumkalisha kijana mwenye nguvu kwenye kiti kijijini kwetu, wakati wa kiangazi, watu wanafyatua tofali na kukarabati nyumba. Afadhali ufiche tembo. Kila anayepita anamwona. Tulimwekea kiti barazani na Specioza akampa ungo achambue mchele. Wiki ya kwanza alikuwa anaacha mawe. Wiki ya nne alikuwa anachambua kuliko mama yake, na akaanza kutukosoa sisi kwenye sahani. Mimi nilichota maji. Nilipasua kuni. Nilifyatua tofali peke yangu nikiwa na miaka hamsini na sita, na jioni mgongo ulikuwa unanidai kila kitu nilichowahi kuufanyia.

Makarius alifurahi sana. Alisimama kwenye uzio na fimbo yake.

"Hilari, mmeapisha chifu hapo kwako?"

"Anaumwa," nikamjibu.

"Anaumwa nini? Mbona ananawiri?"

Ungemjibu nini mtu kama huyo? Mgonjwa wa kwetu anajulikana kwa kukonda. Huyu alikuwa ananenepa mashavu. Wengine walisema amerogwa na wachezaji wenzake kwa ajili ya ile timu. Wengine walisema ni uvivu tu umepewa cheti cha hospitali. Krispini aliyasikia yote, maana baraza letu liko karibu na njia, na kila siku alizidi kuinamia ule ungo.

Kila asubuhi kabla hajanyanyuka kitandani nilikwenda kumshika mkono na kuhesabu. Arobaini na tatu. Arobaini na tatu. Arobaini na tano. Mwezi wa pili ikafika hamsini, kisha hamsini na nne, na mimi nikaanza kushikwa na hofu, nikajua sasa moyo unaharibika. Sikumwambia mtu, nikakosa hamu ya kula. Mwisho nilimpigia kocha Yotham, mtu ambaye nilikuwa sijawahi kumpigia simu kwa jambo la heri. Akacheka mpaka nikataka kukata.

"Mzee wangu, hiyo ni habari njema! Mazoezi yanamtoka. Moyo unarudi kupiga kama wa mtu wa kawaida, kama wangu mimi na wewe. Endelea kumkalisha hivyo hivyo."

Nilimshukuru. Kisha nikakaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba nikala mihogo mitatu mfululizo.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ya mwezi wa tisa. Nilikuwa napeleka gunia mjini kwa baiskeli, gunia moja, maana mawili siyawezi, na Krispini alikuwa anatembea nyuma yangu polepole kwenda kwa kinyozi. Tulifika pale kwenye mchanga mwingi. Gurudumu la mbele likazama, baiskeli ikalala, gunia likanilalia mguu. Krispini akaruka.

"Simama hapo hapo!" nikapiga kelele.

"Baba, mguu!"

"Nimesema simama! Ukiligusa hilo gunia, mimi na wewe basi!"

Akasimama. Kilikuwa kituko. Mimi niko chini najinasua kidogo kidogo kama mjusi, na kijana mwenye mabega yale amesimama hatua tatu pembeni, mikono kichwani. Akina mama waliokuwa wanatoka sokoni wakasimama. Mmoja akamwambia, "Wewe kijana huna aibu? Baba yako yuko chini unamtazama?" Mwingine akasema laana hazitafutwi mbali. Krispini alibaki pale pale. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola. Mimi nikiwa bado chini nikawaambia wale akina mama, "Mwacheni. Ananitii. Nyie nipeni mkono."

Walininyanyua wao, na gunia wakalinyanyua wao. Walipoondoka wakiwa wanatikisa vichwa, nilimshika mwanangu mkono, nikatafuta yale mapigo kwenye kifundo, nikayasikia yanakwenda mbio kwa uchungu tu, bila kubeba kitu. Nilikuwa nimesimama karibu na ule mti. Nikamwonyesha. Nikamsimulia habari za baba yake mdogo, yote, hata ile ya baiskeli kuegemezwa. Alikuwa hajawahi kuisikia. Akaniuliza kama Leodgar alikuwa anacheza mpira. Nikamwambia hapana, alikuwa anafanya kazi tu.

Oktoba ikafika. Safari hii sikuvaa shati la kanisani, nilivaa lolote nililolishika. Specioza alikuwa na rozari mkononi tangu kwenye bajaji. Daktari Kalista alimtazama Krispini akiingia, akaona yale mashavu, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu.

"Safari hii naona amekaa," akasema.

"Amekaa, daktari," nikasema. "Muulize mtu yeyote Mwamkulu. Wote wanamjua kwa kukaa."

Jeli. Kile kifaa. Kioo. Niliamua kutazama. Ule moyo ulikuwa pale unafunguka na kufunga, na macho yangu ya mkulima hayakuona tofauti yoyote, kwa hiyo nikahamia kuutazama uso wa daktari. Akapima. Akapima tena. Akapima mara ya tatu, akaandika namba, akafungua faili la zamani akaweka kidole kwenye namba ya zamani. Specioza aliacha kusali. Nilisikia rozari imesimama.

"Kumi na moja," daktari akasema.

Specioza akanitazama mimi.

"Ulikuwa kumi na nne na ushee. Leo ni kumi na moja. Na chumba nacho kimerudi." Akaigeuza ile mashine tuone vizuri. "Moyo wenye ugonjwa haupungui kwa kukaa kwenye kiti unachambua mchele. Huu ulikuwa ni wa mazoezi, baba. Mazoezi, na mavuno. Ni mzima. Anaweza kucheza."

Specioza alipiga kigelegele kimoja, akakumbuka tuko hospitali, akajiziba mdomo kwa khanga. Krispini alijifunika uso kwa mikono yote miwili na mabega yakawa yanatikisika. Na mimi, ambaye miaka yote nimeomba Mungu amwondolee yule kijana tamaa ya mpira, nilisikia kama mtu ameniondolea lile gunia mguuni. Nilifurahi. Sina neno kubwa zaidi ya hilo. Nilifurahi mpaka nikamshika daktari mkono nikasahau kuuachia, na yeye akaniacha.

Alitupa masharti. Aanze pole pole, sio kilima siku ya kwanza. Apate siku za kupumzika kila wiki. Kwa sababu ya Leodgar, apimwe kila mwaka bila kukosa, na akisikia kizunguzungu au kifua kubana aache hapo hapo. "Na siku ya kupumzika," akasema akinitazama mimi moja kwa moja, "ni ya kupumzika."

"Nimeelewa, daktari," nikasema. Na kweli nilikuwa nimeelewa.

Kesho yake asubuhi niliingia kwenye kihenge, nikapekua mpaka nikaupata ule mpira. Ulikuwa umesinyaa na umejaa vumbi la pumba. Nikaufuta, nikachukua pampu ya baiskeli na sindano yake, nikaujaza mpaka ukawa mgumu. Krispini alitoka ndani akakuta nimeuweka juu ya kile kiti chake cha barazani. Akauchukua akauweka chini ya kwapa, akashika njia ya mjini. Mpaka kwenye kona alitembea polepole, kwa heshima ya daktari. Baada ya kona sijui.

Nilikuwa nasafisha jembe Makarius alipofika na ng'ombe wake. Akasimama kwenye uzio, akakitazama kile kiti kitupu, nikaona amejiandaa vizuri.

"Leo chifu hayupo? Kijana yuko wapi?"

"Yuko kazini," nikamjibu.

Makarius akasubiri kidogo, akidhani nitaongeza neno. Mimi nikaendelea na jembe langu.